Lami imefika Usinge, baiskeli ipite wapi?

LIGI ya Mabingwa Ulaya ikifika majira ya baridi, mechi zinaanza saa 5:00 usiku kwa saa zetu. Refa anapuliza kipenga cha mwisho karibu na saa 7:00. Shabiki wa Sinza au Magomeni akitoka hapo anaita bodaboda, dakika kumi yuko kitandani. Shabiki wa Usinge, kule wilayani Kaliua mkoani Tabora, anatoka kibanda umiza, anafungua kufuli la baiskeli, anampakia mdogo wake kwenye keria, halafu anaingia barabarani kuelekea kijijini kwao. Taa hana, dainamo iliharibika zamani. Mbele giza, nyuma yanakuja malori ya Kigoma.

Swali langu leo ni dogo tu: huyu mtu apite wapi?

Najua wapo watakaosema ukurasa wa michezo umeingiliwa. "Wewe tupe habari za usajili, tuambie nani anakwenda Jangwani na nani anakwenda Msimbazi." Sawa, usajili upo na utaendelea kuwepo. Lakini mpira wa nchi hii hauanzii Uwanja wa Mkapa. Unaanzia kwenye viwanja vya vumbi, na kwa mikoa kama Tabora wachezaji wa viwanja hivyo wanafika kwa baiskeli.

Nendeni mkaangalie mechi yoyote ya mchangani kule. Kipa anafika na glovu zinaning'inia kwenye usukani. Winga ametoka kijiji cha pili, kilomita kumi na kitu, anacheza dakika 90 halafu anapanda tena baiskeli kurudi kwao. Jezi za timu nzima ziko kwenye kiroba kilichofungwa kwenye keria kwa mpira wa tyubu. Mashabiki nao hivyo hivyo. Pembeni ya uwanja utakuta baiskeli zimelazwa chini ya mwembe kama vile kuna mnada wa baiskeli, na mwenye kelele kuliko wote ndiye aliyetoka mbali kuliko wote.

Kwa hiyo tukiongelea njia ya baiskeli, tunaongelea njia ya kwenda uwanjani. Hilo liko ndani ya ukurasa huu kabisa.

Sasa tuje kwenye lami. Kwa miaka mingi mtu wa Kaliua na Usinge alikuwa anategemea reli. Reli ya Kati ilifika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, na mpaka leo stesheni ya Usinge ndo alama ya mji. Barabara ilikuwa vumbi kiangazi na tope masika. Miaka ya karibuni mambo yamebadilika. Daraja la Kikwete limesimama juu ya mto Malagarasi, lami imetoka Kaliua kwenda Kazilambwa, kipande cha Kazilambwa hadi Chagu cha kilomita 36 nacho kikaingia kwenye ujenzi, na upande wa pili wakandarasi wa SGR ya Tabora hadi Kigoma wameingia kazini. Ni jambo la kushangilia. Mgonjwa anawahi hospitali, tumbaku inawahi soko, na samaki wa Ziwa Sagara wanafika wakiwa bado samaki.

Lakini lami ina tabia moja. Ikifika, kasi inafika nayo. Kwenye barabara ya vumbi lori lilikuwa linatambaa, dereva anakwepa mashimo, anakuona na wewe unamwona. Kwenye lami lori lile lile linakuja kama limepewa pasi ya mwisho na limebaki na kipa tu. Kibao cha 50 kijijini kinasomwa mchana trafiki akiwepo. Saa 7:00 usiku hakuna wa kukisoma.

Na baiskeli imebaki pale pale. Mwendesha baiskeli anaambiwa apite kwenye bega la barabara. Haya, bega lipo, lakini hebu tuulizane wenyewe: penye mji bega hilo linabaki la nani? Lori bovu limeegeshwa hapo, matawi ya miti yametandazwa nyuma yake. Mama ntilie ameweka meza. Bodaboda wamepanga foleni wakisubiri abiria wa basi. Penye daraja bega linapungua. Penye matuta ya rasharasha, baiskeli yenye gunia mbili za mkaa inatikisika mpaka mwenyewe anaona heri aingie katikati ya barabara. Na katikati ya barabara ndo kwenye kifo.

Kuna kitu cha historia hapa ambacho mimi kinaniuma. Usinge imekaa kwenye mstari wa ile njia ya zamani ya misafara, Tabora kwenda Ujiji. Kabla ya reli, kabla ya gari, wapagazi wa Kinyamwezi walibeba mizigo kama kilo 30 hivi kila mmoja, kutoka ziwani mpaka pwani, zaidi ya kilomita 1,000. Walitembea mmoja nyuma ya mwingine, kwa hiyo njia yenyewe ilikuwa nyembamba, ya upana wa mtu na mzigo wake. Burton na Speke walipita upande huo mwaka 1858 kwenda Ziwa Tanganyika. Mtemi Mirambo wa Urambo aliwahi kuifunga mwaka 1871, na Stanley akalazimika kuzunguka kusini kumtafuta Livingstone. Huyo Mirambo tunaweza kusema alikuwa trafiki wa kwanza wa Tabora, na hakuwa na mchezo.

Maana yangu ni kwamba njia hii ilitengenezwa na miguu ya watu wenye mizigo. Leo mjukuu wa mpagazi bado ana mzigo, ameupandisha tu kwenye baiskeli. Anahitaji upana ule ule aliokuwa nao babu yake. Barabara imekuja kubwa, ya mabilioni, halafu yeye ndiye amekosa pa kupita kwenye njia ambayo babu yake aliifungua kwa miguu. Hapo hesabu imekosewa mahali.

Hivi karibuni nilikuwa Dar es Salaam, nikaazima baiskeli ya rafiki yangu ili nijionee hizi njia za baiskeli tunazosikia. Nilianza asubuhi Magomeni, nikashuka na Barabara ya Morogoro pembeni ya mwendokasi. Wengi wanasahau kwamba mradi ule wa mwendokasi ulioanza kubeba abiria Mei 2016 ulikuja pia na njia za waenda kwa miguu na baiskeli, na ulichangia Dar kupata tuzo ya kimataifa ya usafiri endelevu ya mwaka 2018, jiji la kwanza Afrika kuipata. Nikapita Jangwani, pale Wananchi wanapopaita nyumbani, nikaingia mjini mpaka Kivukoni. Kutoka hapo nikaifuata Barabara ya Barack Obama, bahari kulia kwangu, mpaka Daraja la Tanzanite, lile lililofunguliwa mwaka 2022. Nikatokea Coco Beach.

Niseme ukweli, pale ufukweni raha ipo. Upepo unakupiga usoni, maji ya bahari yako chini yako, daraja lenyewe kama kilomita moja linakatiza juu ya maji. Klabu za jogging zinapita zinaimba. Wazee wanatembea taratibu na fulana za Simba na Yanga, kila mmoja anamtania mwenzake. Pembeni ya daraja kuna njia ya waenda kwa miguu, na mwenye baiskeli akienda kistaarabu anapita, ila ajue yeye ni mgeni pale. Nilikutana na vijana wenye helmeti na nguo za kubana, baiskeli zao nyepesi unaweza kuinua kwa kidole. Wanapunguza uzito, wanapasha misuli. Safi sana, nchi inahitaji watu wenye afya.

Lakini nikiwa pale juu ya daraja nikawa najiuliza. Hawa wakikosa njia, wataenda jimu. Yule wa Usinge akikosa njia, anakwenda hivyo hivyo, maana gunia halijibebi na uwanja haumfuati kijijini. Uhitaji mkubwa uko bara, kwenye baiskeli nzito ya chuma yenye keria ya nondo, na mawazo ya njia nzuri ya pembeni yamebaki kwenye upepo wa bahari.

Somo la pili nililipata Barabara ya Morogoro. Njia ya baiskeli ipo, lakini ukiipita asubuhi ya siku ya kazi unagundua ina wenyewe wengine. Hapa kuna meza ya mitumba, pale kuna viatu vimepangwa, mbele bodaboda inakuja uso kwa uso inapiga honi kama vile wewe ndo umekosea. Mara tatu nilishuka nikakokota. Kwa hiyo kujenga njia ni kipindi cha kwanza tu. Kipindi cha pili ni kuilinda, na sisi Watanzania tunajulikana kwa kuongoza bao moja halafu kuruhusu mawili dakika za mwisho.

Watu huwa wanasema, "Hayo mambo ya njia za baiskeli ni ya Wazungu, Waholanzi wamezaliwa nayo." Hapana, bwana. Rudini mwaka 1971. Mwaka ule Ajax ya Johan Cruyff ilichukua Kombe la Ulaya, ikachukua tena 1972, ikachukua tena 1973. Dunia nzima ilikuwa inashangilia mpira wa Uholanzi. Nyumbani kwao huko huko, mwaka ule ule wa 1971, watu zaidi ya 3,000 walikufa barabarani, na watoto peke yao walikuwa zaidi ya 400. Magari yalikuwa yameongezeka haraka, baiskeli zikasukumwa pembeni, barabara zikapanuliwa kwa ajili ya injini. Wazazi wakachoka kuzika. Wakaingia barabarani kudai watoto wao waache kuuawa, wakazuia magari, wakawasumbua viongozi. Mafuta yalipopanda bei mwaka 1973, serikali nayo ikaanza kusikia. Njia za baiskeli za Uholanzi tunazoziona leo zilidaiwa na watu waliokuwa na uchungu.

Sisi kule Usinge tuko kwenye mwaka wetu wa 1971. Lami ndo kwanza inazoeleka. Tunaweza kusubiri tuzike kwanza, au tunaweza kudai sasa.

Na hatudai kitu cha ajabu. Sheria ya Barabara ya mwaka 2007 imetenga hifadhi ya mita 30 kila upande kwa barabara kuu, kutoka katikati ya barabara. Kila mwenye nyumba iliyowekewa alama ya X anazijua mita hizo 30 kuliko anavyojua namba yake ya simu. Ardhi hiyo ipo tayari, watu wamekwishaondolewa au wamekwishakatazwa kujenga. Ninachoomba ni mita mbili ndani ya hizo 30. Mita mbili, upande wa pili wa mtaro, mbali na magari, zishindiliwe changarawe vizuri zisiwe na mchanga unaozamisha tairi. Siyo lazima iwe lami, wala siyo lazima ipakwe rangi ya bluu kama tunavyoona kwenye picha za Ulaya.

Tena haihitaji kwenda Tabora hadi Kigoma nzima. Ianzie penye watu: kuingia na kutoka Usinge, kuingia na kutoka Kaliua, Urambo, na vijiji vyenye shule na mnada. Kilomita tano kila upande wa mji zinatosha kuanzia. Penye daraja, bega litenganishwe na magari kwa ukingo. Penye mlango wa njia, vichomekwe vinguzo viwili vya zege, baiskeli ipenye na gari ishindwe. Bodaboda atajaribu, tunamjua, lakini vinguzo na viongozi wa kijiji wakishirikiana atachoka.

Wapo wenye hoja ya kwamba baiskeli inakufa, vijana wote wananunua pikipiki. Ni kweli pikipiki zimeongezeka, na zile daladala za baiskeli zilizokuwa zinabeba abiria mijini kwetu zimepungua sana. Lakini pikipiki inataka mafuta kila siku. Mwanafunzi wa sekondari hana hela ya mafuta. Beki wa kulia wa timu ya kijiji, ambaye malipo yake ni soda na maandazi baada ya mechi, naye hana. Mama anayepeleka ndoo ya samaki sokoni akimlipa bodaboda, faida yote imeishia njiani. Baiskeli ni chombo cha mtu asiye na akiba, na watu wasio na akiba bado tuko wengi.

Hoja nyingine ni kwamba fedha hakuna. Fedha ya mkandarasi ilipatikana, greda na shindilia zilikuwa hapo hapo barabarani, na changarawe ilikuwa inachimbwa jirani. Kuongeza mita mbili wakati mitambo iko kazini ni rahisi kuliko kuirudisha miaka mitano baadaye. Kwa vipande ambavyo kazi bado inaendelea, mlango haujafungwa.

Halafu kuna faida ambayo sisi wa michezo hatuiongelei. Julai 2024, Biniam Girmay wa Eritrea, Mwafrika mwenzetu kutoka upande huu huu wa bara, alishinda hatua tatu za Tour de France na kuondoka na jezi ya kijani. Hakuna Mwafrika mweusi aliyewahi kushinda hata hatua moja kabla yake. Septemba 2025 mashindano ya dunia ya baiskeli za barabarani yalifanyika Kigali, mara ya kwanza kuja Afrika. Kigali ni jirani, wala siyo Paris. Kenya wanamkumbuka Chris Froome aliyezaliwa Nairobi, akajifunza kupanda milima na vijana wa Kikuyu kabla hajachukua Tour de France mara nne akiwa na bendera ya Uingereza.

Sisi huku tuna vijana wanaobeba gunia mbili za mkaa kilomita 30 kwa baiskeli isiyo na gia. Mikoa ya jirani zetu Wasukuma, Shinyanga na Simiyu, mbio za baiskeli ni sherehe ya watu wote, wanaume na wanawake. Mapafu yapo, miguu ipo. Kijana mwenye kipaji cha namna hiyo hatuwezi kumwambia afanye mazoezi katikati ya malori.

Mkoa wa Tabora umeonyesha kwamba ukipewa nafasi unaitumia. Novemba 2024 Tabora United walikwenda Chamazi wakamfunga Yanga 3-1, na kama wiki moja hivi baadaye Yanga wakamtimua kocha wao Gamondi. Wananchi mnisamehe kwa kuwakumbusha, ilikuwa lazima. Kwenye vibanda umiza vya kule, usiku ule watu waliondoka wakiimba, Simba wakiwa mbele kama kawaida yao. Waliondoka kwa nini? Kwa baiskeli, wawili wawili, gizani.

Ndiyo maana namalizia kwa matawi. Usinge kuna watu wa Simba na kuna watu wa Yanga, kama kila kata ya nchi hii. Matawi haya yakitaka kuchangisha fedha za basi la kwenda kwenye dabi, yanachangisha ndani ya siku mbili. Yakitaka kumzomea kiongozi wa klabu, sauti inafika Dar. Nguvu hiyo iingie kwenye mkutano mkuu wa kijiji, ajenda iwe moja, diwani aibebe kwenye kikao cha kata na kwenda nayo wilayani: mita mbili za njia ya baiskeli, kuingia na kutoka mjini. Mnyama na Mwananchi wakae benchi moja, wasaini karatasi moja. Wataalamu wa barabara wakiona saini za tawi la Simba na tawi la Yanga kwenye ombi moja, watajua jambo hili ni zito.

Wakati tunasubiri, yapo ya kufanya wiki hii. Mwenye kibanda umiza auze na vipande vya kuakisi mwanga, vile vya kubandika kwenye madigadi, au amruhusu mtu kuingia bure akija navyo. Waandaaji wa ndondo waweke sharti timu isiyokuwa na viakisi kwenye baiskeli zake isipangiwe mechi ya jioni. Kocha awaruhusu wachezaji wa vijiji vya mbali waondoke mazoezini jua likiwa bado juu. Na shabiki ukitoka kwenye mechi usiku, mwekee mdogo wako fulana nyeupe, hata kama timu yako ni ya kijani au nyekundu.

Sisi pwani hatuna. Ufukwe wetu ni Ziwa Sagara, na upepo wetu ni ule unaoachwa na lori likipita karibu na sikio. Njia ya baharini niliipanda, ni nzuri, na wanaoitumia waendelee kufaidi. Ila mwaka ujao wa bajeti, mwenye kupanga njia mpya ya baiskeli atazame ramani upande wa magharibi kidogo.